Kaki, Mama, Mkongojo

Kaminoyama, 6 Desemba 2022

Mdogo wangu Kiyotaka,

Theluji ilionja mlima jana na bado haijaamua kama itakaa. Mimi ni mzima, ukiacha goti, jino la nyuma, na paa la jikoni linalovuja pale pale baba alipoapa kwamba amepatengeneza. Natumaini huko Osaka mnakula vizuri na kikohozi cha wifi Michiyo kimemhama.

Waombolezaji wameshatawanyika na sinia zao, nimebaki peke yangu nyumbani kwa baba nikipanga vitu. Usinipigie simu. Mazishini ulikuwa unaongea kama tangazo la stesheni: "Dada, tafadhali ingia. Dada, tafadhali keti." Nilingoja uniambie nisimame nyuma ya mstari wa njano. Barua ni bora, maana mtu anaweza kuiweka chini akanywa chai kwanza.

Jambo lenyewe ni mti. Mzee Kurosaki, mwenyekiti wa mtaa, amekuja hapa na kofia mkononi. "Hatsue," ananiambia, "baba yako nilimheshimu, lakini ule mkaki wake ni hoteli ya dubu. Mwaka huu wameshuka mpaka kwenye choo changu." Unakumbuka nilivyomwambia baba miaka mitatu iliyopita: kata mti huo, la sivyo mimi sirudi hapa. Baba akachagua mti. Haya, sasa baba hayupo na mti upo. Theluji ikiyeyuka, fundi wa msumeno atakuja. Nakwambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa.

Dada yako,
Hatsue


Osaka, 19 Desemba 2022

Dada Hatsue,

Huku hakuna theluji, ni upepo tu wa kuchukua kofia za watu. Kikohozi cha Michiyo kimepona, kimehamia kwangu. Watoto hawajambo, hawapigi simu, kwa hiyo nadhani wana pesa.

Dada, nakuomba usiukate mti. Sikukuambia mazishini kwa sababu kila nilipofungua mdomo ulikuwa unanitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana. Siku ile aliyofariki, baba alinitumia barua pepe. Ilikuwa fupi: "Faili limeambatanishwa. Neno la siri litafuata kwa barua pepe nyingine."

Unamjua. Miaka yote ile kwenye ofisi ya mji aliishi hivyo, na alipostaafu akawafundisha wazee wa klabu ya kompyuta dini hiyo hiyo: bana faili kwenye zipu, lifunge, litume, halafu tuma neno la siri kwa barua ya pili. Nchi nzima tunafanya hivyo ofisini. Ni sawa na kufunga mlango, kisha kumkabidhi tarishi yule yule ufunguo kwenye bahasha, lakini usipofanya bosi anakuona mshenzi.

Basi akatuma ya kwanza. Ya pili akaona aoge kwanza. Yaliyotokea bafuni unayajua.

Kwa hiyo ninayo zipu ya baba na sina neno la siri. Ila zipu ya aina hii ni kama bafu la umma: mlango umefungwa, lakini viatu vimeachwa nje. Kilichomo siwezi kukiona, majina nayaona. Mna faili moja tu, ni la sauti, na jina lake kaliandika kwa zile herufi za silabi za watoto tupu, hata moja ya Kichina hakuweka. Kwenye kompyuta yangu linasomeka: ka-ki, halafu alama ya kuuliza, halafu ha-ha-tsu-e. Unajua sisi hatuachi nafasi kati ya maneno, lakini hili halina shida. Kaki. Haha. Tsue. Yaani: tunda la kaki, mama, mkongojo.

"Kaki? Mama. Mkongojo." Bila shaka anatuelekeza kwenye neno la siri. Ule mkongojo wa marehemu mama uko wapi?

Mdogo wako,
Kiyotaka


Kaminoyama, 15 Januari 2023

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Mochi nimekula mbili, ya tatu ilininata kooni ikataka kunipeleka kwa baba, nikaitema. Theluji imefika dirishani.

Umeniandikia kurasa nne kuhusu zipu ya baba. Mzee wa watu kazikwa zipu yake imefungwa vizuri, mtoto wake wa kiume anatafuta namna ya kuifungua. Aibu huna?

Mkongojo wa mama nimeuona banda la nyuma. Baba alikuwa anapigia panya. Nimeuchunguza juu chini, hauna maandishi. Halafu, kwa kuwa na mimi akili zangu ni za ukoo huu huu, nikatoka nao hadi kwenye mti nikaanza kuchokoa theluji shinani. Kurosaki akapita na koleo lake.

"Hatsue, unatafuta nini?"

"Neno," nikamwambia.

Akanitazama, akautazama mkongojo, akainama kwa heshima, akaenda zake. Jioni mkewe akaniletea mchuzi wa viazi na maneno ya kunifariji. Sasa mtaa mzima unajua nimerukwa na akili, na hasara hiyo nakuandikia wewe.

Mimi sina haja ya kujua kilichomo. Mtu ambaye kwa miaka mitatu hakuniandikia hata postikadi hawezi kuwa na la maana la kuniambia. Na angekuwa nalo, mbona alikutumia wewe?

Jaribu "tomi". Lilikuwa jina la mama. Kama halikubali, jaribu na mwaka wake wa kuzaliwa mbele yake. Kama halikubali, jaribu na mwaka nyuma.

Hatsue


Osaka, 8 Februari 2023

Dada Hatsue,

Michiyo anakusalimu na anasema usitoke tena kuchokoa theluji na goti hilo. Kikohozi changu kimetulia.

Kwa mtu asiye na haja ya kujua, umenipa maneno mengi ya kujaribu. Nimejaribu yote. Nimejaribu tomi mbele, tomi nyuma, kaki kavu, kaki mbichi, benigaki kwa kuwa ndiyo aina ya kaki zetu, jina la panya kama angekuwa nalo. Zipu imegoma.

Nimewaza hivi. Ya baba ni Mac, yangu ni Windows, na vitu vingine havisafiri vizuri kati ya nyumba hizo mbili. Nimeinakili zipu kwenye flashi, naituma kwako. Ichomeke kwenye kompyuta yake, labda yenyewe itakumbuka alichoandika mwenye nyumba. Flashi imo ndani ya kifurushi hiki. Neno la siri litafuata kwa postikadi.

Kiyotaka


(Postikadi. Osaka, 8 Februari 2023)

Dada, neno la siri la flashi: takoyaki7. K.


Kaminoyama, 2 Machi 2023

Kiyotaka,

Postikadi ilitangulia, flashi ikafuata baada ya wiki. Kwa hiyo tarishi, mkewe, na yeyote anayenunua samaki kwa mkewe wanajua neno lako la siri. Kijana wa posta ameniuliza kama ile saba ni idadi ya madonge ya pweza unayokula kwa mara moja.

Kaka yangu mdogo, umeichukua zipu ya baba yenye kufuli, ukaitia ndani ya zipu yako, ukaipiga kufuli la pili. Ulidhani nani angeiba? Dubu?

Nimeichomeka. Nimeona. Hakuna jipya.

Fundi wa msumeno anaumwa mafua, kwa hiyo mti bado upo. Mkongojo acha kuufikiria.

Hatsue


Osaka, 20 Juni 2023

Dada Hatsue,

Mvua za msimu wa plamu zimeanza, hata soksi hazikauki. Hii ni barua ya nne tangu ile yako ya Machi. Tatu hukujibu. Nilimpigia Mzee Kurosaki, akasema u mzima, unalima matango, na fundi wa msumeno alishapona zamani ila kila akija unamnywesha chai na kumrudisha. Nimefurahi kuhusu matango.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita mteja alitutumia zipu kutoka kwenye Mac. Majina yote yalifika yamevunjika: "ga" imekuwa "ka", "ba" imekuwa "ha", na kila mahali alama za kuuliza. Nikamwita Bi Wakui wa kitengo cha kompyuta. Akacheka mpaka akashika meza. "Bwana Kiyotaka, zile nukta mbili zimedondoka njiani!"

Kumbe Mac ikiandika "gi", ambayo ni "ki" yenye nukta mbili juu, inaandika "ki" kwanza, halafu nukta zake mbili inaziweka pembeni kama abiria wa pili. Programu yangu, ambayo ni ya kale, haikumtambua huyo abiria, ikaona ni mgeni asiye na tiketi, ikamshusha na kuacha alama ya kuuliza kwenye kiti chake.

Nilikimbilia zipu ya baba. Kaki, halafu alama ya kuuliza. Dada, si kaki. Ni kagi. Si tunda, ni ufunguo! Na ukishaweka ufunguo pale mwanzo, sentensi nzima inakatika mahali pengine. Hakuna mama. Hakuna mkongojo. Ile "ha" ya kwanza inasomwa "wa", kile kiungo chetu cha kusema "ni", na zinazobaki ni jina la mtu. Kagi wa Hatsue.

Ufunguo ni Hatsue.

Kwenye kompyuta ya baba nukta zilikuwa mahali pake. Wewe uliliona hilo tangu Machi, ukaniandikia "hakuna jipya."

Nimejaribu hatsue. Nimejaribu kwa herufi kubwa, na mwaka wako, na mwezi wako. Haikubali. Halafu nikakumbuka kwamba zamani baba alikuwa na jina fulani la kukuita, nilikuwa mdogo mno, nakumbuka tu kwamba siku niliyolirudia ulinirushia kiatu. Lilikuwa jina gani?

Kiyotaka


Kaminoyama, 21 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Obon imepita. Niliwasha moto mlangoni wa kuwapokea wafu, wakaja wote. Baba alikuja, mama alikuja, nadhani hata mbwa wetu Kuma alikuja maana nyanya zimefukuliwa. Wafu wamekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ile, wewe mwenye treni ya mwendo kasi ukatuma keki. Keki ilikuwa nzuri.

Haya. Kaa chini.

Nilipochomeka flashi yako, kompyuta ya baba ilinionyesha lile jina lote, na nukta zake juu. Ufunguo ni Hatsue. Nikakaa pale nikiwa nimevaa aproni, chungu kikiungua jikoni, sikwenda kukiepua. Nikaandika hatsue, ikakataa. Wewe ungeweza kuandika mpaka meno yakuote tena, kwa sababu hilo silo jina aliloniita.

Nilipokuwa najifunza kuandika, nilizipenda nukta. Nilizimwaga kila mahali kama ufuta juu ya wali. Jina langu la kwanza kuliandika mwenyewe lilikuwa na nukta juu ya ile "ha", likawa Batsue. Na batsu ni ule mkasi, alama ya X, ambao mwalimu anakuchorea kwenye jibu lenye kosa. Baba alicheka mpaka akalala mkekani. Tangu siku hiyo nikawa Batsue, Bibi Kosa. Shuleni wakalisikia. Nilipotimiza miaka kumi nikamwambia akiniita tena hivyo nitahamia kwa bibi. Hakuniita tena.

Nikaandika batsue, zipu ikafunguka mara moja kama suruali ya mtu aliyeshiba.

Sikukuambia kwa sababu sikutaka kugawana. Nimekuwa nikimsikiliza tangu Machi, kila siku nikishamaliza kula, na ungejua ungetaka nikusimulie kwa simu kama tangazo. Nilitaka nikae naye peke yangu. Nilikuwa naogopa, Kiyo. Nilidhani kafa akiwa amenikasirikia. Kila nikipanga nguo zake nilikuwa nazikunja kwa hasira kabla hajanikasirikia yeye, na nilikuwa nimechoka.

Anamenya kaki. Sauti ya kisu inasikika muda wote. Anakohoa, anasema: "Hii ni ya Batsue. Namtumia Kiyotaka maana Batsue barua pepe zangu hafungui. Funguo nampa yeye, kufuli nampa mdogo wake, waone watafanyaje." Halafu anasema: "Dubu kaja. Yupo juu ya mti sasa hivi, anakula kwa adabu kuliko Kurosaki. Batsue alisema watakuja, nikamwambia hajui kitu. Alikuwa anajua." Anamenya kidogo. "Kata mti, mwanangu. Jibu lako lilikuwa sahihi. Batsu ni yangu. Wewe leo nakuchorea duara."

Duara, Kiyo. Duara la wino mwekundu tulilokuwa tunalikimbiza nyumbani kumwonyesha, kwa kupata jibu. Miaka sitini na sita nimeishi, mzee yule hakuwahi kukubali kwamba amekosea, hata siku alipotupeleka baharini kwa njia ya mlimani. Alipokubali, ilibidi aubane ukweli huo kwenye zipu na kuupiga kufuli, kana kwamba ni siri ya serikali.

Na sasa kibali ninacho, siwezi kuukata. Nimepigania mti ule uanguke kwa miaka mitatu. Nikiuona msumeno nataka kumpiga mtu. Kurosaki anasema: "Basi usiukate, lakini lisibaki tunda hata moja juu. Dubu haji kwenye meza iliyofutwa." Mwaka huu matawi yamelemewa mpaka yanagusa nyasi. Mimi na goti langu hatuwezi. Ni lazima matunda yachumwe yote, yamenywe yote, yatundikwe yote yakauke, maana kaki zetu mbichi unajua zilivyo na ukakasi, hata nguruwe hutema. Zikiiva na hakuna wa kuzichuma, msumeno utakuja, na safari hii chai haitamzuia.

Nakurudishia flashi yako. Nimetengeneza zipu mwenyewe kwa programu ya baba, mara ya kwanza maishani. Jina la faili nimeliandika kwa herufi za Kizungu ili lisidondoshe kitu njiani. Kuna folda nyingine ya ajabu imejipachika humo yenyewe kama kupe. Mac ndiyo imeileta, usiishughulikie.

Neno la siri litafuata.

Dada yako,
Hatsue


(Postikadi. Kaminoyama, 25 Agosti 2023)

Neno la siri: njoouchume. Herufi ndogo, bila nafasi. Kijana wa posta ameshalisoma na anasema atakupokea stesheni.


Osaka, 12 Septemba 2023

Dada,

Joto halijapungua na Michiyo amenunua feni ya tatu. Tuko wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ilibidi niombe likizo, na bosi aliniambia nimtumie maombi kwenye zipu yenye kufuli.

Limefunguka mara ya kwanza. Niliandika amri yako nikaitii hapo hapo, hata kabla sijasikia kitu.

Nimemsikia. Nilikuwa mezani na mke wangu na feni tatu, nikalia, Michiyo akazima feni moja ili asikie vizuri, kisha akalia na yeye.

Lakini dada, hukusikiliza mpaka mwisho. Wewe hata sinemani unatoka kabla taa hazijawashwa. Najua ulipokuwa unakomea, kwenye duara, kwa sababu hapo ananyamaza na kinabaki kisu tu, na kinabaki kwa muda mrefu sana. Alisahau kuizima. Nami nikaiacha iendelee, nikidhani nitasikia kaki zinamenywa tu.

Baadaye dirisha linafunguliwa, naye anapiga kelele: "He, wewe! Shuka! Batsue akija akikukuta hapo juu, nitasikia 'si nilikwambia' mpaka nazikwa! Shuka, bwana!" Matawi yanavunjika. Dirisha linafungwa. Anarudi kukaa, anashika kisu, na anasema polepole, hamwambii mtu: "Atakuja. Kaki zikiiva tena atakuja."

Basi. Hapo ndipo inapoishia.

Nitafika Oktoba, wiki ya mwisho. Ngazi nakuja nayo, ile ya baba siiamini. Michiyo anakuja na visu.

Mdogo wako,
Kiyotaka

Tena: hilo duara jekundu chini ya ukurasa si doa la mvinyo.